Vinzenz Aigner Autazama Mji Kutoka Chini

Hakuna aliyeujua mji wa Steyr kumshinda Vinzenz Aigner, ila yeye aliujua kutoka juu. Alikuwa msafisha dohani kwa miaka arobaini na sita. Alijua nani anachoma kuni mbichi halafu anaisingizia mvua, na alijua mke gani amenuniana na mumewe akahamia chumba cha nyuma, kwa sababu moshi nao ulihamia dohani ya pili. Alilijua kila paa la mji mkongwe, vigae vilivyolegea na mabati ya kuteleza. Lakini ungemsimamisha chini uwanjani ukamwuliza nyumba ya fulani ina rangi gani, angekutolea macho. Msafisha dohani akiwa barabarani hutafuta moshi tu, na kuta huwaachia wengine.

Wengine nao hawakumjua yeye. Jambo hili lilimchekesha sana tangu alipostaafu. Watu waliokuwa wakimgusa bega kila Mwaka Mpya ili wapate bahati, kama ilivyo desturi, sasa walipishana naye dukani bila hata kuitikia kwa kichwa. Walichokuwa wamezoea ni masizi na macho mawili. Mzee aliyenawa, mwenye mashavu mekundu na magoti mabovu, hakuna aliyewahi kutambulishwa kwake.

Jumanne moja ya katikati ya Oktoba binti yake Notburga, ambaye kila mtu humwita Burgi, alimjia asubuhi kabla hajamaliza kahawa yake.

"Baba, vaa koti la Jumapili. Leo wewe ni mtalii."

"Mtalii wa wapi?"

"Popote. Wa Hamburg. Mtu asiyejua kitu."

"Hiyo ya kutojua kitu naiweza," Vinzenz akasema, akaenda kutafuta koti.

Burgi alikuwa na miaka arobaini na minne. Ishirini kati ya hiyo aliitumia kuuza viatu katika duka ambalo sasa halipo. Duka lilipofungwa akaamua awe mwongoza watalii, na katika nchi hii hutoki tu na mwavuli ukaunyanyua watu wakufuate. Ni lazima uwatembeze wakubwa wa mtihani mji mzima kwa miguu, huku wao wakiandika. Alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya pili mkubwa wao alimwambia maneno ambayo Burgi alimpelekea baba yake yalivyo: "Bi Aigner, unajua kila kitu, lakini hakuna mtu aliyekuwa anakusikiliza." Mtihani wa tatu ulikuwa Alhamisi hiyo, na wa nne haupo. Akianguka tena, kuna binamu amemwekea nafasi ghalani, kupanga masanduku.

Kati ya baba na binti huyu hakukuwa na ugomvi. Kulikuwa na adabu, na adabu ikizidi baina ya mzazi na mwanawe ni heri ugomvi. Burgi alipokuwa na miaka kumi na mitano alisimama jikoni akasema anataka kujifunza kazi ya baba. Vinzenz akajibu kwamba masizi si ya wasichana, mazungumzo yakaishia hapo. Akamchukua mpwa wake Lambert, ambaye baada ya miaka mitatu aliitupa brashi akaenda kuuza magari. Tangu siku ile Burgi hakumwomba baba yake kitu chochote, mpaka Jumanne hii.

Walianzia uwanja wa mji, upande wa jua. Burgi akasimama wima, akakohoa, akaanza. Alitaja mwaka, akataja mfalme, akataja mwaka mwingine, jina la tajiri wa chuma aliyejenga, jina la mwanawe aliyeongeza ghorofa, aina ya matao, aina ya madirisha, na mwaka moto ulipokula mapaa. Hakukosea hata herufi moja. Alisoma kama mtoto wa katekisimu mbele ya padri, anayeomba afike mwisho kabla hajasahau.

Vinzenz alijitahidi kusikiliza, maskini. Tatizo ni kwamba macho yake yalikuwa yamefunguka. Hakuwahi kusimama uwanjani kutazama kuta bila ngazi begani, na leo alikuwa na shingo huru.

"Burgi! Yule nani?"

Juu ya mlango wa nyumba ya njano palikuwa na uso wa jiwe, mashavu yamevimba, ulimi uko nje.

"Nitafika huko, Baba. Kwanza matao."

"Miaka arobaini na sita mie naingia mlango ule, na yeye ananitolea ulimi tu!"

"Ni pambo la karne ya—"

"Anamtolea nani?"

"Haijulikani."

"Na hakuna aliyeuliza?"

"Baba, mtalii wa Hamburg hakatizi watu."

"Hao ndio wa kwanza kukatiza. Hujapata kukaa nao meza moja."

Wakasogea. Mume na mke wenye mabegi ya mgongoni walisimama karibu yao, wakasikiliza kama nusu dakika. Mume aliitikia kwa kichwa mara mbili kwa heshima, kisha mke akamvuta mkono wakaelekea kwenye duka la keki. Burgi aliwaona wakiondoka. Sauti ikashuka, kasi ikapanda, miaka ikaanza kumtoka mfululizo. Vinzenz naye aliona, na moyo ukamuuma. Alitaka kumsaidia mwanawe, na msaada pekee aliokuwa nao ulikuwa maswali.

Wakafika mbele ya nyumba ndefu ya rangi ya waridi. Hii Vinzenz aliitambua hata bila kutazama paa. Akaingiza mikono mfukoni.

"Hapa," Burgi akasema, "aliishi mfanyabiashara wa chuma na visu. Nyumba ina vyumba kumi na vinane, na uso wake—"

"Alipikia wapi?"

"Nini?"

"Huyo bwana. Ana watoto, ana watumishi, ana wageni wa visu. Chakula kinapikwa wapi?"

"Hicho kitabuni hakimo."

"Kwa hiyo hakula?"

"Baba!"

"Mie nauliza tu. Nyumba bila jiko ni sanduku."

Burgi akafunga daftari lake kwa kishindo.

"Nilipokuwa na miaka kumi na mitano," akasema, "nilikuja kwako nikakuomba unifundishe. Nilitaka kujua hayo hayo. Wanapika wapi, moshi unapita wapi, nyuma ya ukuta kuna nini. Ukaniambia masizi si ya wasichana. Ukampa Lambert! Lambert, anayeogopa hata kupanda stuli! Na leo unakuja kuniuliza mie jiko liko wapi? Mie niliachiwa kuta, Baba. Basi kuta ndizo ninazozijua."

Kwenye meza za kahawa vichwa viligeuka. Mtu mmoja alibaki na uma hewani, kipande cha keki ya tofaa kikining'inia. Burgi akaiva uso mpaka masikioni.

Maneno yaliyokaa miaka ishirini na tisa yalikuwa yametoka uwanjani, mchana, mbele za watu. Jibu lake Vinzenz alikuwa nalo, na alikuwa nalo muda wote huo. Alitazama juu, kwenye dohani ya pili kutoka kushoto, akahisi aibu yake ya zamani imerudi nzima kama ilivyokuwa.

"Twende ndani," akasema.

"Ndani wapi? Ni nyumba ya watu."

"Msafisha dohani hafungiwi mlango."

Hapo alikosea. Akabonyeza kengele, mlango ukafunguka kiasi cha pua. Pua hiyo ilikuwa ya Bi Roithinger, mjane wa miaka themanini na moja. Marehemu mumewe alikuwa mkaguzi wa shule, kwa hiyo na yeye ni Bi Mkaguzi, ingawa maishani mwake hajakagua hata daftari. Ukimwita vinginevyo hasikii.

"Mungu akusalimu, Bi Mkaguzi."

"Sinunui kitu. Na dini ninayo."

"Ni mie, Aigner. Wa dohani."

Bi Roithinger akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Aigner namjua mie. Wewe si Aigner." Mlango ukafungwa.

Burgi, pamoja na hasira zake zote, alitoa mlio puani ambao ulikuwa karibu na kicheko. Vinzenz alivuka uwanja mpaka kwa Korbinian, anayechoma kokwa za Oktoba, zile karanga kubwa za mitini, kwenye jiko lake la bati pale kona ya kanisa.

"Korbinian, nipe masizi."

"Watu huniomba kokwa, mzee."

"Kokwa baadaye. Hebu nipanguse bomba lako hapo."

Akapitisha kiganja ndani ya bomba, akajipaka paji la uso, mashavu na pua, akamalizia na masikio kwa sababu kazi ni kazi. Watalii wawili walimpiga picha. Akarudi, akabonyeza kengele mara ya pili.

"Yesu na Maria, Bwana Aigner!" Bi Roithinger alifungua mlango mpaka mwisho. "Afadhali umekuja! Sasa hivi tu alikuwapo mtu hapa, anajifanya wewe!"

"Ala!"

"Kizee fulani, kimejaa mashavu. Si ajabu ni mwizi."

"Nimekutana naye. Amekimbia."

"Ingia, ingia. Na huyu nani? Binti? Karibu, mwanangu." Akamgusa Vinzenz bega mara mbili ili bahati isipotee bure.

Nyumba njema si mlango. Ngazi zilikuwa tisini na kitu, na magoti ya Vinzenz yalizihesabu moja moja. Katika ghorofa ya pili Burgi alimshika kiwiko bila kuombwa. Nyuma yao alikuja Bi Mkaguzi akihema, maana hakubali mtu aende darini kwake bila yeye kuwapo.

Darini, ubavuni mwa dohani nene kuliko kabati, palikuwa na mlango mdogo wa chuma. Vinzenz aliufungua. Ikatoka harufu ya moshi wa zamani na mafuta ya nguruwe.

"Haya. Hapa ndipo chakula cha yule tajiri wako kilipotolea moshi. Jiko lenyewe liko chini kabisa, chumba kisicho na dirisha, cheusi tii. Nyama ilining'inizwa humu humu ikauke."

"Mle jikoni naweka viazi," akasema Bi Mkaguzi.

Burgi aliingiza kichwa, akatazama juu akaona kipande cha mbingu, akatazama chini asione kitu. Alipoongea sauti yake ilirudi ikiwa nzito.

"Mtu alipita humu?"

"Tulipita. Mgongo ukuta huu, magoti ukuta ule, unajisogeza."

"Na haya maandishi?"

"Ni majina. Kila msafishaji akipita dohani mara ya kwanza anachora herufi zake na mwaka. Kazi haina cheti kingine."

Burgi akawasha taa ya simu. Herufi zilikuwa nyingi, zimepandiana kwenye matofali, nyingine zina miaka mia mbili na zaidi. Alisoma kwa sauti, moja moja, na safari hii hakuwa na haraka. Mwisho akasita.

"V.A. Huyu ni wewe."

"Ni mie."

"Wote wameandika mwaka. Wewe hukuandika."

Vinzenz akakaa juu ya sanduku la mapambo ya Krismasi. Angeweza kusema alisahau, na uongo huo ulikuwa tayari ulimini. Lakini alimwona mwanawe amegeuka, uso una doa la masizi, anasubiri kujua. Alikuwa na macho yale yale ya miaka kumi na mitano, siku ile jikoni.

"Kwa sababu mara ya kwanza sikutakiwa kuwamo," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Bosi alinituma dohani ya jirani. Kule juu nikachanganya, nikaingia hii. Nikashuka kama kimo cha watu wawili, nikakwama. Mikono juu, kifua kimebana, sisogei juu wala chini. Nikajiambia, tulia, watakutafuta. Watanitafuta wapi, na mie niko nyumba nyingine? Nimekaa humo tangu asubuhi mpaka karibu na kengele za mchana. Halafu chini nikasikia kuni zinapangwa."

Burgi akaziba mdomo.

"Nikasikia kiberiti. Nikapiga ukelele, sijui nilimwita mama au Mungu. Mwanamke kule chini naye akapiga ukelele, akaangusha sufuria, akakimbia. Ule ukelele wangu ndio ulioniokoa. Mtu hukwama kwa pumzi zake mwenyewe, na mie zote zilikuwa zimenitoka, kifua kikalegea. Nikapanda, nikatoka kwa mlango huu, nikapita juu ya mapaa. Bosi akaniambia nikimwambia mtu, yeye na mie tutachekwa mpaka kaburini. Sikumwambia mtu. Hata mama yako."

Bi Mkaguzi alikuwa ameshika nguzo ya dari. "Mwaka gani?" akauliza.

"Sitini na saba. Mwezi wa tatu, kabla ya Pasaka."

"Yule alikuwa mama mkwe wangu," Bi Mkaguzi akasema polepole. "Alikimbilia kwa padri. Padri akaja na maji ya baraka, dohani kimya. Wakasema ni roho ya toharani imeomba sala. Bwana Aigner, humu ndani tunaiombea roho hiyo misa kila siku ya marehemu! Yeye mpaka alipokufa, na baada yake mie. Mie! Nimekuombea zaidi ya miaka thelathini!"

"Nashukuru, Bi Mkaguzi. Nadhani imesaidia."

Kwanza akakasirika, kisha uso ukamvunjika, akacheka mpaka ikabidi Burgi amshike. Vinzenz naye alicheka, machozi yakichora mistari kwenye masizi. Burgi peke yake hakucheka.

"Ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana. Ulivyosema pale jikoni unataka kazi, nilikuona humu ndani. Sikuweza."

"Ungesema. Sentensi moja tu, Baba. Mie nimeishi nikidhani unanionea aibu."

"Nilijionea aibu mie. Niliona heri unidhanie katili kuliko unijue mwoga. Ulikuwa ujinga, na nakuomba msamaha."

Burgi hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alirudisha kichwa kwenye ule mlango wa chuma.

"Ulikwama wapi hasa? Pale panapopinda?"

"Chini yake kidogo."

"Viwiko viliwekwaje? Uliona mwanga? Ulisikia nini kabla ya kuni?"

Maswali yalikuwa mengi, na Vinzenz aliyajibu yote. Alimwonyesha viwiko, akamwonyesha jinsi ya kuvuta pumzi na kuitoa. Aliona fahari, na aliona huzuni pia, maana angekuwa msafishaji mzuri huyu, kuliko Lambert na kuliko yeye mwenyewe.

Waliposhuka, saa za watu kutoka kazini zilikuwa zimekaribia. Mlangoni Burgi alisimama.

"Baba, kisa kile. Nikikisema Alhamisi, mji mzima utakucheka. Kama hutaki—"

"Kiseme. Jina langu liache, lakini kiseme. Na wakicheka, mie nikinawa hawanijui."

Akaenda kunawa kwenye bomba la uwanjani. Aliporudi akijifuta kwa leso, Burgi alikuwa tayari amesimama mbele ya nyumba ya waridi, daftari limefungwa, anazungumza na Bi Mkaguzi aliyekuwa bado mlangoni. "Watu wengi huitazama nyumba hii kwa nje," alikuwa anasema. "Mimi nataka kwanza tujue mwenyewe alikula nini, na moshi wa chakula chake ulipita wapi."

Mwanamke mwenye kikapu cha mboga akapunguza mwendo, akasimama. Mwenye mbwa akasimama, mbwa akakaa. Korbinian aliacha kokwa zake ziungue. Mume na mke wa mabegi, wale wa duka la keki, walikuwa wamerudi uwanjani, wakasogea, na safari hii mke ndiye aliyemvuta mumewe mbele. Burgi hakuwatazama. Alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi mtu anavyojisogeza, mgongo ukuta huu, magoti ukuta ule, na watu walikuwa wanakunja mabega yao bila kujua. Vinzenz alipojaribu kurudi kwenye nafasi yake alikuta imekwishajaa. Akabaki nyuma kabisa.

"Kijana akaona amekwama," Burgi alisema. "Hakuna anayejua yumo. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Halafu chini yake akasikia mtu anapanga kuni za mwaloni."

"Za msonobari," Vinzenz akasema kutoka nyuma. "Zilikuwa za—"

"Ssss!" Mwanamke wa kikapu alimgeukia kwa macho makali. "Mzee, tunasikiliza."

"Yule ni binti yangu."

"Hata angekuwa mama yako. Nyamaza, tujue kama kijana alitoka."

Vinzenz akanyamaza. Akajiinua kwa vidole vya miguu, akasubiri pamoja na wenzake kusikia kama ametoka.